Je, Wajua? Bata Mgeni Hulala Jicho Moja Wazi

Bata uliyemleta leo nyumbani Mtua, Nachingwea, anaweza kulala kwa nusu ya ubongo tu. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 1999 kwamba bata aliye pembeni mwa kundi huacha wazi jicho linalotazama nje, akilinda, huku nusu ya ubongo wake ikipumzika. Wa katikati mara nyingi hufumba yote mawili. Basi usilete mmoja peke yake! Wawili watatu wa rika moja hutulizana.

Wafungie bandani siku kadhaa kabla ya kuwaachia chini ya mikorosho, la sivyo watapotea: bata wengi wa vijijini kwetu wana asili ya Amerika ya joto, na majike huruka vizuri. Usiwafukuze wala kuwabeba kwa miguu. Awalishe mtu yuleyule, saa zilezile.

Bwawa si lazima. Chombo kinachozamisha kichwa kizima kinatosha, kwani bata husafisha macho na pua kwa maji. Na tafadhali, mahindi au karanga zenye ukungu zisiwafikie kabisa: vifaranga wa bata hudhurika na sumukuvu upesi kuliko vifaranga wa kuku.