Arobaini isimzuie mzazi kwenda kliniki

Kuanzia Pangani hadi Mkinga, nyumba yenye mzazi hujulikana. Maji ya kumkanda yako jikoni, uji wa pilipili manga unachemka, na bibi ameshasema: hakuna kutoka nje mpaka arobaini itimie.

Mapumziko hayo yana faida. Mama aliyejifungua anahitaji kulala, kula vizuri na kusaidiwa kazi ili apate nafasi ya kunyonyesha. Tatizo ni pale arobaini inapokuwa sababu ya kutokwenda kliniki.

Hatari kwa mama na mtoto ni kubwa zaidi siku za mwanzo, hasa wiki ya kwanza. Ndiyo maana wote wawili hutakiwa kuonwa na mhudumu wa afya ndani ya saa 48, kati ya siku ya 3 na ya 7, kabla ya siku ya 28, na tena ifikapo siku ya 42.

Zipo dalili zisizosubiri tarehe. Mtoto akishindwa kunyonya, akipata degedege, akipumua kwa shida, akiwa wa moto au wa baridi kuliko kawaida, viganja na nyayo zikiwa za manjano, au kitovu kikitoa usaha, mpelekeni hospitali mara moja, hata usiku. Vivyo hivyo mama akitokwa na damu nyingi, akipata homa, au akiumwa sana kichwa huku macho yakiona ukungu.

Bibi naye amfunike mjukuu kanga, wafuatane. Wakirudi, arobaini itaendelea.