Je, wajua: umri wa cherehani cheusi cha mnadani

Mnunuzi wa vyuma chakavu haulizi historia. Ana mizani yake, na kichwa cha cherehani cha chuma cha kusubu, chenye kilo 12 au zaidi, kwake hakina tofauti na kipande cha injini ya trekta. Ndiyo maana anayetaka cherehani cha zamani wilayani Ngara au Biharamulo hana haja ya kutafuta duka. Asubiri siku ya mnada, apite marundo ya mitumba, aende nyuma kabisa yanakopangwa majembe yaliyokatika, pasi za mkaa na fremu za baiskeli zisizo na matairi. Akibahatika, atakikuta kimelala ubavu na maua yake ya rangi ya dhahabu yamefutika pale tu mkono wa fundi ulipokuwa ukipita kila siku.

Usikimbilie bei. Kwanza pangusa vumbi upande wa kulia wa kitako, utafute namba iliyogongwa kwenye chuma. Kwa Singer zilizotengenezwa Scotland, herufi inayotangulia namba ndiyo inayotaja umri. F ni ya miaka ya 1910. Y ni ya miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Herufi mbili zinazoanza na E, kama EA au EB, zilianza kutumika 1935. Kwa hiyo chenye Y kilitoka kiwandani wakati Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza, na chenye F cha mwanzo mwanzo kilitoka wakati Mjerumani bado yumo ndani ya boma lake pale Biharamulo.

Kiwanda chenyewe kilikuwa Kilbowie, katika mji wa Clydebank karibu na Glasgow. Mwaka 1913 pekee kilitoa vyerehani zaidi ya milioni moja. Kilifungwa 1980 na majengo yakavunjwa, ila kituo cha treni kilichokuwa kando yake mpaka leo kinaitwa Singer.

Njia ya kuja huku ilikuwa ndefu. Reli ya Uganda ilifika Kisumu 1901, na meli za ziwani zikaunganisha Kisumu na Bukoba na Mwanza. Bidhaa zilishuka kwenye maduka ya Wahindi, na barazani mwa maduka hayo ndipo fundi alipokaa: mteja ananunua kitambaa ndani, anapimwa nje. Ngara iko mbali na ziwa, lakini vijana wa huko Bugufi walitembea mpaka Buganda kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa na pamba, na sehemu kubwa ya walichokipata huko iliishia kwenye nguo. Halafu ikaja Aprili 1994. Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Daraja la Rusumo ndani ya saa 24, na kambi ya Benaco ikageuka mji kabla serikali haijamaliza kuhesabu watu. Baadaye kambi ya Lukole ikawapokea Warundi hadi ilipofungwa 2008. Penye watu wengi kiasi hicho, fundi cherehani hachelewi kufika. Hadai umeme wala chumba, mti wenye kivuli unamtosha.

Kinachofanyika chini ya bamba la sindano kinastahili kutazamwa kwa utulivu, tena ukizungusha gurudumu kwa mkono ili uone. Sindano ya cherehani ina tundu lake nchani, jambo ambalo Mmarekani Elias Howe alilitumia katika mashine aliyoipatia hataza 1846. Inashuka na uzi, inatoboa kitambaa, kisha inaanza kupanda. Uzi haupandi nayo mara moja. Unabaki nyuma kidogo na kufanya kitanzi chembamba, na wakati huohuo ndoano ya chuma inapita, inakinasa, inakizungusha kwenye kikombe cha bobini. Uzi wa juu na wa chini unakabana katikati ya kitambaa, na meno madogo yanakisukuma mbele. Ndoano ikikosa kitanzi, mshono unaruka. Howe alipoionyesha mashine yake 1845 ilipiga mishono 250 kwa dakika, ikawashinda washonaji watano wa mkono kwa mpigo.

Waliokiokoa kikongwe hiki ni wanakili. Singer ya aina ya 15 ilinakiliwa Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha China, na kutoka Shanghai ikaja Butterfly, ile yenye picha ya kipepeo iliyotapakaa Tanzania nzima. Kwa kuwa vipimo ni vilevile, sindano na bobini zinazouzwa dukani kwa ajili ya Butterfly zinaingia bila tabu kwenye Singer 15 iliyosubiwa Scotland kabla babu hajaoa. Bila nakala, vipuri vingekuwa vimekwisha zamani, na mizani ya vyuma chakavu ingekuwa imemaliza kazi.

Lakini si kila cheusi ni aina ya 15. Vuta kibamba cha kutelezesha kilicho karibu na sindano. Ukikuta kidude kirefu chenye ncha kama risasi, kinachobembea mbele na nyuma, hicho ni cha mtindo wa zamani zaidi. Kinashona vizuri ajabu, ila bobini yake ni nyembamba na ndefu, na kuipata dukani ni kazi. Mimi ningekinunua kwa kukipenda, si kwa kuwekea riziki.

Maana riziki bado ipo. Mitumba iliua biashara ya kushona suruali mpya, ikaleta ya kupunguza: unanunua hapa, unapiga hatua tatu, fundi anakata na kukunja ukingoja. Mwezi Januari ni sare za shule. Charles Mwijage, alipokuwa waziri wa viwanda na mbunge wa Muleba Kaskazini hapahapa Kagera, alichekwa sana kwa kusema vyerehani vinne ni kiwanda. Mzazi mwenye watoto watatu wanaofungua shule Jumatatu hakuona cha kuchekesha.

Turudi mnadani. Kikiwa kimekaza, mara nyingi ni mafuta ya kula ambayo mtu alitia yakaganda kama gundi. Mafuta ya taa yakilala humo usiku mzima huyalegeza, kisha utie mafuta ya cherehani yenyewe. Mkanda uliokatika si tatizo, fundi wa baiskeli ana mpira. Jaribio la mwisho ni gurudumu. Likizunguka huku sindano imesimama tuli, muuzaji atakwambia kimekufa, na atakupa bei ya chuma. Tazama katikati ya gurudumu: kuna kitasa cha duara ambacho hulegezwa makusudi wakati wa kujaza uzi kwenye bobini, ili sindano isifanye kazi bure. Huenda aliyekitumia mwisho alisahau kukikaza. Lipa kwanza, ndipo ukikaze.