Kalenda ya Kazi na Maisha ya Kijamii ya Wanafunzi: Mfano wa Kitivo cha Uhandisi, Chuo Kikuu cha Waterloo

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu vyuo vikuu vinavyolenga ajira aghalabu hujikita katika swali moja: je, mhitimu anapata kazi? Namna mwanafunzi anavyoishi na wenzake kabla ya kuhitimu huchukuliwa kuwa suala la burudani, na hivyo huachwa pembezoni. Makala haya yanalirejesha suala hilo katikati ya mjadala. Hoja yake kuu ni kwamba, katika chuo cha aina hii, maisha ya kijamii hayadhoofishwi hasa na uchache wa vyama au shughuli, bali na kalenda inayowatenganisha wanafunzi kila baada ya miezi minne.

2.0 Utaratibu wa Masomo na Kazi

Mfumo wa kupokezanisha masomo na kazi ulianza nchini Marekani mwaka 1906, pale Herman Schneider alipouanzisha katika Chuo Kikuu cha Cincinnati. Chuo Kikuu cha Waterloo, kilichopo katika jimbo la Ontario nchini Kanada, kiliufanya kuwa msingi wake tangu kilipoanza kufundisha uhandisi mwaka 1957. Mwaka wa chuo hicho una mihula mitatu ya miezi minne: Septemba hadi Desemba, Januari hadi Aprili, na Mei hadi Agosti. Kwa kawaida mwanafunzi wa uhandisi husoma mihula 8 na kufanya kazi ya ujira mihula 6.

Wanafunzi wote huanza pamoja mwezi Septemba, kisha hufuata mikondo miwili. Mkondo wa kwanza huenda kazini baada ya miezi 4, na wa pili baada ya miezi 8. Tangu hapo, wakati mkondo mmoja uko darasani, mwingine uko kazini. Marafiki wawili waliofahamiana katika muhula wa kwanza, wakawa katika mikondo tofauti, hawakutani tena darasani katika mpangilio wa kawaida hadi muhula wa mwisho, yaani baada ya miaka 4.

3.0 Athari kwa Mahusiano

Tinto (1975) anaeleza kuwa uamuzi wa mwanafunzi kuendelea na masomo au kuacha hutegemea jinsi anavyojifungamanisha na chuo kitaaluma na kijamii. Astin (1984) naye anasisitiza kiasi cha nguvu za mwili na akili ambacho mwanafunzi anawekeza katika maisha ya chuo. Nadharia zote mbili zinahitaji muda na mwendelezo, na hivi ndivyo vitu ambavyo kalenda ya Waterloo huvikatiza.

Ukatizaji huo huonekana kwanza katika makazi. Mwanafunzi anayekwenda kufanya kazi Toronto au California mara nyingi humpangisha mwingine chumba chake kwa miezi minne, na hivyo wanaoishi nyumba moja hubadilika mara kwa mara. Pili, hata muhula wa masomo si wa masomo pekee: ndani yake mwanafunzi huomba kazi ya muhula unaofuata na kuhudhuria usaili. Mkutano wa chama na usaili vikigongana, ni wazi kipi kitapewa kipaumbele.

4.0 Namna Vyama Vinavyokabiliana na Hali Hiyo

Wanafunzi wa uhandisi wameibuni njia yao. Chama chao kina sehemu mbili, A na B, zinazopokezana kulingana na mikondo: sehemu moja inapokwenda kazini, nyingine inarudi chuoni na kushika hatamu. Kwa hiyo chama hakisimami, ingawa nusu ya wanachama wake hawapo.

Ugumu zaidi huikabili miradi mirefu, kama ule wa Midnight Sun, timu ya wanafunzi inayotengeneza gari linalotumia nguvu za jua. Gari la namna hiyo haliwezi kubuniwa na kuundwa ndani ya muhula mmoja. Anayeondoka asipoacha michoro na maelezo ya alipofikia, anayebaki hulazimika kuanza upya. Katika mazingira hayo kukabidhiana kazi kwa maandishi si urasimu. Ndiko kunakoiwezesha timu kudumu.

5.0 Mipaka ya Suluhisho na Funzo Lake

Hata hivyo, muundo huo hukiokoa chama zaidi ya unavyomwokoa mwanachama. Uongozi unaweza kukabidhiwa, urafiki haukabidhiwi. Mwanafunzi aliyepangiwa kazi peke yake katika mji wa mbali hubaki nje ya shughuli zote za chuo kwa miezi minne, hata kama chama chake kinaendelea vizuri.

Katika vyuo vingi vya Tanzania, mafunzo kwa vitendo hufanyika wakati wa likizo ndefu, hivyo wanafunzi hutawanyika na kurejea kwa wakati mmoja. Chuo kitakachotaka kurefusha mafunzo hayo na kuyaingiza ndani ya mihula kitapata manufaa ya kiajira, lakini kitakuwa pia kimegusa mabweni, vyama na mahusiano ya wanafunzi. Kwa hiyo ratiba ya namna hiyo haipaswi kupangwa na ofisi ya taaluma na waajiri pekee. Serikali ya wanafunzi na walezi wa wanafunzi washirikishwe tangu mwanzo, na utaratibu wa kuwafuatilia walio kazini uwe sehemu ya mpango wenyewe.