Salamanda wa Mwambani Asiyeweza Kuishi Bila Mti

Ukimwona kwa haraka utadhani ni mjusi, kumbe ni wa jamaa ya vyura: ngozi laini yenye unyevu, isiyo na magamba. Kusini mwa Sahara hatuna salamanda wa asili hata mmoja. Ninayemzungumzia hapa, Aneides aeneus, yuko katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani. Ni mweusi mwenye mabaka ya kijani, na akitulia juu ya jiwe lililoota kuvumwani, jicho lisilozoea humpita.

Hana mapafu. Hewa huipata kupitia ngozi na utando wa mdomoni, na ngozi ikikauka hawezi kupumua. Ndiyo maana hujificha kwenye nyufa za majabali yenye kivuli, mwili wake bapa ukipenya mahali ambapo hata kidole cha mtu hakiingii. Humo jike hutundika mayai kwenye dari ya ufa na kuyalinda kwa takriban miezi mitatu. Watoto huanguliwa wakiwa wamekamilika, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi.

Kwa miaka mingi alitafutwa zaidi kwenye mawe. Mwaka 2005 watafiti Waldron na Humphries walichapisha utafiti wao wa South Carolina: msimu wa joto salamanda hawa huhamia mitini, kisha hurudi mwambani baridi inapokaribia. Kwangu mimi, utafiti huo ulibadilisha swali zima la uhifadhi. Mwamba uliobaki peke yake baada ya miti kukatwa hupigwa jua na upepo, nyufa zikakauka, na mnyama akakosa makazi yake ya nusu mwaka.

Hasara ni kubwa. Mwaka 2001 mtafiti Jeffrey Corser aliripoti kwamba katika vituo alivyofuatilia kusini mwa Appalachia, idadi yao ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia 98 tangu miaka ya 1970. Ukataji miti, ukame, magonjwa na ukusanyaji wa wanyama vyote vimetajwa. Watafiti wengine hurudi nyuma zaidi, kwenye kuvu kutoka Asia iliyoangamiza mabilioni ya miti ya chestnut, ambayo huenda salamanda hawa waliitegemea, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Mwaka 2019 salamanda hawa wa bonde la Hickory Nut Gorge, North Carolina, walitambuliwa kuwa spishi tofauti, Aneides caryaensis. Hawapatikani kwingine kokote duniani. Septemba 2024 kimbunga Helene kikalipiga bonde hilo kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi.

Kwa kuwa wanahitaji mwamba na miti pia, msitu unaozunguka jabali lazima uachwe, pamoja na ukanda wa miti hadi jabali la jirani, kwani salamanda asiye na mapafu havuki uwanja mkavu.