Tiba ya Mzizi wa Jino

Jina hili laweza kumpotosha msikilizaji. Mzizi wenyewe, uliojikita tayani, kwa kawaida si wenye ugonjwa hapo mwanzo. Kinachougua ni nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ikaayo ndani ya jino na kuteremka katika mfereji mwembamba hata nchani. Kusema “tiba ya mfereji wa mzizi” kungekuwa sahihi zaidi.

Waswahili husema jino bovu limeliwa na mdudu. Dhana hiyo ni ya kale katika nchi nyingi. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alieleza kuwa alimtafuta mdudu huyo kwa hadubini asimwone. Hata hivyo msemo haukukosa kabisa, kwani viharibuo ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1965, huko Marekani, Kakehashi na wenzake walitoboa meno ya panya. Katika panya wa kawaida nyama ya ndani ilikufa. Katika panya waliolelewa pasipo kijidudu chochote ilipona, ijapokuwa chakula kilijaa tunduni.

Basi kufaulu kwa tiba hii ni kufaulu kwa usafi. Baada ya ganzi, daktari hulitenga jino kwa kipande chembamba cha mpira, alichokibuni S. C. Barnum wa New York mwaka 1864, ili mate yasiingie. Kisha hulitoboa na kutafuta midomo ya mifereji, na hapa ndipo penye makosa mengi. Gego kubwa la kwanza la juu lina mizizi 3, lakini mara nyingi lina mifereji 4. Huo wa nne, uliojificha katika mzizi wa mbele upande wa shavu, ukisahauliwa, ugonjwa waweza kurudi hata kama mingine imejazwa vizuri, na jino likaishia kung'olewa.

Mifereji hupanuliwa kwa tupa nyembamba kama sindano. Tupa haifiki kila pembe, kwa hiyo humiminwa tena na tena dawa ya klorini, ya jamii moja na ile ing'arishayo nguo nyeupe. Kazi hukoma kiasi cha milimeta 1 kabla ya ncha, ndipo mfereji hukaushwa na kujazwa gatapacha, utomvu wa mti wa Malaya. Gego huvikwa kofia ngumu lisipasuke.

Maumivu kutulia si thibitisho. Daktari hupiga picha ya eksirei baada ya mwaka, aone kama mfupa ulioliwa penye ncha umeota tena.