Biringanya Bado Inakufuata

Kama ulikulia ploti yenye TV ni moja na watoi ni kumi na wawili, hii ni yako. Kama ulikuwa na PlayStation kejani, kaa hapo nyuma, usiguze pad, utaitwa.

Risto ni Adventure Island. Usijifanye huijui. Jina labda hukujua, juu mtaani tulikuwa tunaiita tu "ya msee wa sketi". Chali mnono, kifua wazi, kofia nyeupe ya baseball, sketi ya majani, anarushia konokono shoka za mawe. Hiyo drip leo ukiivaa event ya Kilifi utapigwa picha hadi uchoke.

Retro imekuwa trend, na trend inaleta mafala. Kuna wasee wanadunga t-shirt ya Mario na hawajawahi ruka shimo hata moja. Huko majuu ndio wamechizi kabisa. Julai 2021, Heritage Auctions ya Marekani iliuza kaseti moja ya Super Mario 64, bado iko kwa nailoni yake, dola 1,560,000. Hiyo ni zaidi ya milioni 160 za Kenya kwa rate ya wakati huo. Mwezi uliofuata Super Mario Bros. ikaenda na dola milioni 2. Na hawaichezi! Wakiifungua imeshuka bei. Doo ya kununua mjengo, imekaa kwa sanduku ya plastiki inaangaliwa.

Zetu tulikuwa tunapuliza na mate. Ndani ilikuwa kutu tupu, na ilishika.

Tena tuambiane ukweli, ile mashine yetu haikuwa hata Nintendo. Famicom ya Nintendo ilitoka Japan 1983, mafundi wa Taiwan na China wakaifungua, wakacheki ndani, wakaunda zao, na hizo kopi ndizo zilikuja kutua Nairobi. Kaseti ya njano, imeandikwa 9999999 in 1. Milioni kumi kasoro moja! Unateremka hiyo menu hadi kidole kinauma, kumbe ni gemu chache zimerudiwa. Contra ya kuanza mwanzo. Contra ya kuanza katikati. Contra ya maisha mengi. Huo ndio ulikuwa utapeli wetu wa kwanza na tuliupenda sana.

Kwa base ya kulipia gemu, kobole ilikupa maisha matatu. Ukidedi, unapeana pad. Kulia hakukubaliwi. Kusema "pad imekwama" pia hakukubaliwi, hata kama imekwama.

Mafathee nao. Woi. Fathee aliamini kabisa, kwa moyo safi, ati gemu "inakula picha ya TV". TV gani? Greatwall ya inchi 14, black and white, aerial ni hanger. Hiyo ndio ilikuwa inalindwa hivyo. Msee huyo huyo leo anaforwadi kwa group ya familia ati charger ikiwa kwa soketi usiku inaleta presha. Mathee hakuwa na theory, yeye alikuwa na mkono. Alificha adapta ndani ya debe ya unga, chini kabisa, na ukiichimbua unatoka na ushahidi hadi kwa nyusi. Odijo akasema tukicheza gemu tutakuwa machokora. Msee aliyekuwa hatari zaidi base yetu siku hizi ni daktari wa meno. Odijo ana jino bovu. Wacha niishie hapo.

Sasa nimeirudia. Keja ni yangu, token ni zangu, adapta iko kwa ukuta na hakuna wa kuificha. Na nakuambia, hii gemu ni ngori kuliko vile unakumbuka.

Juu ya skrini kuna laini ya uhai wako. Inashuka. Ukikimbia inashuka. Ukisimama kufikiria maisha, inashuka. Njia ya kuipandisha ni moja, kumanga. Ndizi, nanasi, karoti, chochote kinachoelea hapo njiani. Kwa hivyo hii si gemu ya kupigana vile tulidhani, ni gemu ya njaa. Konokono si adui, konokono ni jam. Adui ni saa. Watoi wa mtaa tulikuwa tunaruka matunda ndio tuwahi kuua nyoka, ushujaa mwingi, halafu tunaparara kwa njaa tukiwa na shoka mkononi. Aibu tupu.

Ukijikwaa kwa jiwe, laini inapungua. Ukigusa moto, umeenda. Chura akikugusa, umeenda. Hakuna "nimeguswa kidogo".

Halafu kuna mayai. Ukipasua yai unaweza toka na shoka, ama maziwa ya kujaza ile laini, ama kafairy kanakuzunguka na kwa sekunde kadhaa huguswi na kitu. Unaweza toka na skateboard. Skateboard ni tamu, ukigongwa ukiwa juu yake inaenda yenyewe, wewe unabaki hai. Lakini haisimami. Unaweza ipunguza, kuisimamisha ndio hakuna. Unafika kwa mawingu, yanapanda yanashuka, wewe uko speed, na hapo ndipo unajua insurance ya bure haiko.

Na sasa lile yai lingine.

Unalipasua na roho safi, na inatoka biringanya. Ndio, biringanya. Hiyo mboga. Haikupigi, haikuumi, haikusukumi. Inakukalia tu hapo juu ya kichwa, popote unaenda iko, na laini yako inateremka mbio hadi iamue imetosha. Huwezi irushia shoka. Huwezi ihepa. Unachoweza ni kukimbia ukimanga kila tunda na kuomba. Nikiwa mtoi nilidhani ni ujinga wa Wajapani. Sasa niko na simu na mwisho wa mwezi, na nimeelewa. Biringanya ni loan app, buda. Ulipasua yai mwenyewe.

Sikia risto ya huyo wa sketi, juu hii ndio inanibamba zaidi. Ni msee wa ukweli. Anajulikana kama Takahashi Meijin, na alikuwa mfanyakazi wa Hudson Soft, kampuni iliyoanzia Sapporo huko Japan. Kazi yake ilikuwa kupigia gemu za kampuni debe. Sifa yake? Kufinya button mara 16 kwa sekunde moja. Kumi na sita! Watoi wa Japan wakamchizia hadi Hudson wakauza kidude cha kuhesabu unafinya mara ngapi.

Aliingiaje kwa gemu? Hapo ndio utamu. Gemu yenyewe iliundwa na kastudio kanaitwa Escape, ikatoka 1986 kwa mashine za arcade za Sega ikiitwa Wonder Boy. Sega wakabaki na jina na sura ya yule dogo shujaa wa gemu, Escape wakabaki na gemu. Hudson wakakubaliana na Escape waipeleke Famicom, lakini sura ya dogo ni ya wenyewe, haiguswi. Sasa? Wakaangalia ofisini. Wakaona Takahashi. Wakamvua shati, wakamvisha majani, na mwaka huo huo ikatoka. Imagine uko kazini, unakunywa chai yako ya saa nne, boss anakuja na sketi. Majuu wakambatiza Master Higgins, kana kwamba sketi itasahaulika.

Basi kaa chini nikuumize. Gemu ina area nane, kila area raundi nne, jumla 32. Mtaani hakuna aliyemaliza. Ukidedi mara ya mwisho, unarudi raundi ya kwanza, mwanzo kabisa, hakuna huruma. Tuliamini hivyo ndivyo ilivyo. Kumbe! Mwisho wa raundi ya kwanza, karibu na goal ya kumalizia, kuna yai limejificha. Ndani kuna nyuki. Ukimnyita huyo nyuki, gemu ikiisha unashikilia button ya kuelekeza, unafinya start, unaendelea area ile ile uliyodedia. Raundi ya kwanza! Tumepita juu ya hiyo yai na kobole zetu miaka yote hiyo. Mwenye base alikuwa anajua? Huwa najiuliza. Msee alijenga ploti.

Nyuki ukiwa naye, gemu inakuwa nyingine. Sasa unafika kwa mabosi unatulia, unawacheki. Mwisho wa kila area kuna bosi mganga. Unamchapa shoka za kutosha, kichwa kinatoka, anadunga kingine, anahepa. Area inayofuata unakutana naye tena, mwili ni ule ule, kichwa ni kipya. Fathee anasema gemu hazifundishi kitu na amepigia kura huyo bosi mara kadhaa.

Kitu kingine nilipenda, hakuna wa kukuuzia kitu ndani. Hakuna skin. Sketi ni moja, utaivaa hadi mwisho. Gemu za sasa unalipa ngiri kadhaa kuingia, halafu unalipa tena mchezaji avae viatu. Ukitaka drip zaidi hapa, tafuta Adventure Island II, chali anapanda dinosaur. Na IV, iliyotoka Japan 1994, ndiyo gemu ya mwisho rasmi ya Famicom. Msee wa sketi ndiye alizima stima akafunga mlango. Hudson yenyewe ilimezwa na Konami 2012.

Unaicheza wapi? Usiicheze kwa simu. Kidole kinafunika shimo, unadedi hujui umedediaje. Ingia Luthuli, hapo tao Nairobi, uliza game stick ya kuchomeka kwa TV, ile ya pad mbili bila waya. Wataanza na bei ya mgeni, usicheke, wewe shika mlango kama unaenda. Hakikisha wameiwasha ukiona, juu "gemu elfu kumi" ni ile kaseti ya njano imevaa suti. Na usinunue ile ya kioo cha display huko mall, bei yake ni mara mbili na ndani ni kitu kile kile.

Halafu uanze raundi ya kwanza na utafute nyuki. Ukipita hiyo goal bila yeye, usinipigie simu.