VIJITI SI UJINGA

Wako walimu ambao bado humkemea mtoto akihesabu kwa vidole. Kwa maoni yetu, hilo ni sawa na kumnyang'anya mkulima jembe kabla hajafika shambani.

Aketiye nyuma ya darasa la kwanza katika kijiji cha Kondoa atajionea mengi. Watoto huja na vijiti walivyovikata wenyewe; kumi hufungwa pamoja, na fungu hilo huwa kumi moja. Mwalimu akiuliza nane na saba ni ngapi, yuko atakayechukua viwili katika saba, akaitimiza nane iwe kumi, vikabaki vitano: kumi na tano. Na mtoto mchungaji, mbuzi warudipo jioni, haanzi kwa kuhesabu waliopo, bali humtambua asiyekuwepo. Huko ndiko kutoa.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba hawatastaajabu. Bao wanalolijua lina mashimo 32. Katika mchezo wa wanaojifunza kila shimo hutiwa kete 2, jumla 64. Ajuaye kete zake zitakomea wapi amekwisha kujumlisha moyoni. Na waliouza boriti za mikoko kwa korja, yaani ishirini ishirini, walizidisha bila kushika kalamu.

Mwaka 1985 watafiti walitangaza habari za watoto 5 wachuuzi wa mjini Recife, Brazil. Sokoni walipata majibu sahihi takriban 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za namna hiyo karatasini, pasipo nazi wala wanunuzi, walipata 37. Watoto walikuwa walewale na akili ileile. Tungewapima kwa karatasi peke yake, tungewaita wajinga.

Hatusemi vijiti vyatosha. Hakuna awezaye kubeba vijiti elfu nne, na kwa hiyo tarakimu hazina budi kufunzwa. Lakini Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule isitengwe na maisha ya jamii yake, na mtaala wa mwaka 2015 wa madarasa ya I na II uliweka mbele kusoma, kuandika na kuhesabu. Daraja kati ya hayo mawili ni mwalimu.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa elimu, wa bara na wa visiwani, wakaguapo madarasa wasitazame alama ya vyema peke yake. Wamwulize mtoto: "Umepataje?" Kisha wamsikilize mpaka amalize.